Ernst Haeckel

Ernst Heinrich Philipp August Haeckel (Potsdam, 16 Februari 1834 – Jena, 9 Agosti 1919) alikuwa mwanabiolojia, daktari na mchoraji kutoka nchini Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka arobaini alifundisha zoolojia katika Chuo Kikuu cha Jena.

Anajulikana hasa kwa kueneza nadharia ya Charles Darwin kuhusu mageuko ya spishi, kwa kubuni neno ekolojia, na kwa michoro yake ya viumbe wa bahari. Katika historia ya sayansi ya bahari anakumbukwa kama mtu aliyetoa majina kwa maelfu ya spishi za zooplanktoni. Kazi hiyo iliwaonyesha wasomi wa karne ya 19 kwamba maji ya bahari kuu, yaliyodhaniwa kuwa karibu matupu, yamejaa viumbe wa maumbo yasiyohesabika. Hata hivyo, wataalamu wa leo hawakubali kwamba kila umbo alilolipa jina ni spishi ya kweli, na baadhi ya maandiko yake mengine yamelaumiwa vikali.

Zooplanktoni ni nini

Planktoni ni viumbe wote wanaoelea majini na kuchukuliwa na mikondo kwa sababu hawana nguvu ya kuogelea kinyume chake. Wale wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua huitwa fitoplanktoni. Wale wanaokula viumbe wengine huitwa zooplanktoni.

Neno hilo halihusu udogo wa kiumbe. Yavuyavu mwenye upana wa mita moja ni zooplanktoni sawa na kopepodi, gegereka mdogo ambaye mara nyingi hafiki urefu wa milimita tatu. Kundi hilo hujumuisha pia viluwiluwi vya kaa, chaza na samaki, ambavyo huelea kwa muda tu kabla ya kukua. Vilevile wamo viumbe wa seli moja kama radiolaria, ambao Haeckel aliwashughulikia kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake.

Radiolaria wengi hawaonekani vizuri bila hadubini. Wengi wao hujijengea kiunzi cha silika, yaani dutu ileile inayopatikana katika mchanga na kioo. Viunzi hivyo vina matundu, miiba na matufe yaliyowekwa moja ndani ya jingine. Kiumbe akifa, kiunzi huzama na kuweza kudumu katika matope ya sakafu ya bahari kwa mamilioni ya miaka.

Familia na masomo

Haeckel alizaliwa Potsdam, katika ufalme wa Prussia. Baba yake, Carl Haeckel, alikuwa mwanasheria katika utumishi wa serikali, na mama yake aliitwa Charlotte Sethe. Familia ilihamia Merseburg, na huko Ernst alisoma hadi alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1852. Tangu utoto alipenda kukusanya mimea, na alitamani kuwa mtaalamu wa mimea na msafiri.

Baba yake alitaka awe daktari. Kwa hiyo alisoma tiba katika vyuo vikuu vya Würzburg na Berlin. Huko Würzburg alifundishwa na Albert von Kölliker na Rudolf Virchow, waliomzoesha kutumia hadubini na kuchunguza seli. Mwaka 1857 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya tishu za kamba wa maji baridi. Mwaka uliofuata alipata kibali cha kutibu wagonjwa, lakini kazi hiyo haikumvutia na aliiacha mapema.

Mwalimu aliyebadilisha maisha yake alikuwa Johannes Müller wa Berlin. Mwaka 1854 Müller alimchukua hadi kisiwa cha Helgoland, katika Bahari ya Kaskazini. Müller alikuwa na desturi ya kuvuta nyuma ya mashua wavu wa kitambaa laini wenye matundu madogo sana, kisha kuumwagia ndani ya chombo cha kioo kile kilichonaswa. Chini ya hadubini, tone moja la maji hayo lilionyesha viluwiluwi na wanyama wadogo ambao wavuvi hawakuwahi kuwaona. Haeckel alijifunza njia hiyo na kuitumia maisha yake yote.

Müller mwenyewe ndiye aliyewapa radiolaria jina lao. Alifariki mwaka 1858, kazi yake juu yao ikiwa imefika mwanzoni tu.

Messina na radiolaria wa kwanza

Mwaka 1859 Haeckel alisafiri kwenda Italia. Alianza Napoli, lakini huko hakupata alichokitafuta. Katika kisiwa cha Capri alikaa na mshairi na mchoraji Hermann Allmers, na kwa muda alifikiria kuacha sayansi ili awe mchoraji wa mandhari. Mwishoni alikwenda Messina, katika kisiwa cha Sisilia, akakaa huko kuanzia Oktoba 1859 hadi Aprili 1860.

Bandari ya Messina ina sifa ya pekee. Mikondo yenye nguvu katika mlangobahari ulio baina ya Sisilia na bara hupandisha juu maji ya vilindini pamoja na viumbe wake. Haeckel alikuwa akitoka kwa mashua asubuhi, akavuta wavu, kisha akashinda kutwa mbele ya hadubini akichora viumbe kabla hawajaharibika. Kwa miezi michache tu alipata spishi zaidi ya mia moja za radiolaria ambazo hazikuwa zimeelezwa na mtu yeyote.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1862 katika kitabu kilichoitwa "Die Radiolarien", maana yake "Radiolaria", chenye atlasi ya kurasa 35 za michoro. Alikuwa na umri wa miaka 28. Kitabu hicho kilimpatia heshima kati ya wanazoolojia wa Ulaya. Darwin naye alipokea nakala na kuistaajabia.

Kitabu hicho kilikuwa na jambo lingine. Baada ya kurudi kutoka Italia, Haeckel alikuwa amesoma kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi katika tafsiri ya Kijerumani. Aliona kwamba radiolaria wake walikuwa na maumbo ya kati, yanayounganisha kundi moja na jingine, na akaandika waziwazi kwamba anaikubali nadharia mpya. Katika Ujerumani ya wakati ule wasomi wachache walithubutu kufanya hivyo.

Jena, Darwin na msiba

Rafiki yake Carl Gegenbaur, mtaalamu wa anatomia, alimsaidia kupata nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jena mwaka 1861. Mwaka 1865 akawa profesa kamili wa zoolojia. Alialikwa baadaye na vyuo vikuu vikubwa zaidi lakini alibaki Jena hadi alipostaafu mwaka 1909.

Mwezi wa Agosti 1862 alimwoa binamu yake Anna Sethe. Ndoa hiyo ilidumu mwaka mmoja na nusu tu. Anna aliugua ghafla akafariki tarehe 16 Februari 1864, siku ambayo Haeckel alitimiza miaka 30. Siku hiyohiyo alipata habari ya kutunukiwa medali kwa kitabu chake cha radiolaria. Msiba huo ulimwangusha kabisa. Wazazi wake walimpeleka pwani ya Mediteranea karibu na Nice ili apumzike, na huko alirudia kazi ya kuchunguza mayavuyavu.

Spishi mbili za mayavuyavu zina jina la marehemu mke wake. Ya kwanza ni Mitrocoma annae, ambayo aliieleza mwaka 1864. Ya pili aliieleza miaka mingi baadaye na kuiita Desmonema annasethe. Ina minyiriri mirefu iliyomkumbusha nywele za Anna. Mwaka 1867 alimwoa Agnes Huschke, wakapata watoto watatu.

Baada ya kifo cha Anna alijitupa katika kazi. Mwaka 1866 alitoa kitabu cha majuzuu mawili juu ya maumbo ya viumbe, "Generelle Morphologie der Organismen". Humo alibuni maneno ambayo leo ni ya kawaida katika sayansi. Kati yake ni ekolojia, yaani elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao, na faila, yaani kundi kuu la viumbe wenye asili moja. Alipendekeza pia ufalme wa tatu kando ya mimea na wanyama, akauita Protista, kwa ajili ya viumbe wa seli moja. Radiolaria wamo humo hadi leo wanapotajwa kwa jumla. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alimtembelea Darwin nyumbani kwake Uingereza, kisha akaendelea na safari hadi Visiwa vya Kanari.

Mayavuyavu na sifonofora

Huko Lanzarote, katika Visiwa vya Kanari, Haeckel alichunguza ukuaji wa sifonofora. Hawa ni zooplanktoni wa ajabu: kiumbe anayeonekana kuwa mnyama mmoja kumbe ni jamii ya wengi walioungana. Baadhi yao huogelea, wengine hukamata chakula, wengine huzaa, na hakuna anayeweza kuishi peke yake. Haeckel aliwaona kama mfano wa mgawanyo wa kazi katika maumbile.

Kuanzia mwaka 1879 alichapisha "Das System der Medusen", kitabu kikubwa kilichopanga mayavuyavu wote waliojulikana wakati huo katika familia na jenasi. Kilikuwa kitabu cha msingi kwa wataalamu waliomfuata, ingawa walilazimika kusahihisha sehemu nyingi. Mwaka 1881 alisafiri hadi Ceylon (leo Sri Lanka) akakusanya viumbe wa Bahari Hindi. Mwaka 1900 alisafiri tena, safari hii kwenda Java na Sumatra.

Ripoti ya Challenger

Kazi kubwa kuliko zote katika maisha ya Haeckel ilitokana na safari ambayo yeye hakuwamo. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger iliondoka mwezi wa Desemba 1872, ikazunguka bahari za dunia na kurudi Mei 1876. Ilisafiri karibu kilomita 127,000. Katika vituo zaidi ya 350 mabaharia na wanasayansi walipima kina na joto la maji, walivuta nyavu katika vina mbalimbali na kuchota matope ya sakafu ya bahari.

Mizigo hiyo ilipelekwa Edinburgh, Uskoti, na kugawiwa kwa wataalamu wa nchi nyingi, kila mmoja akipewa kundi lake. Haeckel alipewa radiolaria, mayavuyavu wa vilindini, sifonofora na baadhi ya sifongo. Radiolaria peke yao walimchukua takriban miaka kumi. Sababu ilikuwa matope yenyewe. Katika sehemu za Bahari ya Pasifiki sakafu yote imefunikwa na viunzi vya radiolaria, na kijiko kimoja cha matope hayo kina viunzi vingi mno. Haeckel aliviosha, akavipanga juu ya vioo, akavichora kimoja kimoja. Michoro yake ilihamishiwa juu ya mawe ya kuchapia na fundi Adolf Giltsch wa Jena, aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi.

Ripoti ya radiolaria ilitoka mwaka 1887. Ilikuwa na kurasa zaidi ya 1,800 za maandishi na kurasa 140 za michoro. Ilieleza spishi 4,318 zilizogawanywa katika jenasi 739. Kati ya spishi hizo, 3,508 zilikuwa mpya. Majuzuu yote ya safari ya Challenger yalifikia hamsini, na sehemu kubwa ya spishi mpya zilizotajwa humo ni hizo za Haeckel.

Kwa watu wa wakati ule idadi hiyo ilikuwa ya kushangaza. Ilionyesha kwamba bahari ya wazi, mbali na pwani na miamba ya matumbawe, haikosi viumbe wa aina nyingi. Ilionyesha pia kwamba aina hizo hubadilika kadiri mtu anavyotoka katika maji ya joto kuelekea ya baridi, au anavyoshuka kutoka juu hadi vilindini.

Mabishano na Hensen

Mwaka uleule wa 1887 neno planktoni lenyewe lilitumiwa kwa mara ya kwanza, na mtu mwingine. Victor Hensen, mwanafiziolojia wa Kiel, alilitunga kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutangatanga. Hensen hakuuliza kuna spishi ngapi. Aliuliza kuna planktoni kiasi gani, kwa sababu aliwaza juu ya samaki: kama chakula cha samaki kinajulikana kiasi chake, huenda mavuno ya bahari nayo yanaweza kukadiriwa. Alitengeneza wavu wa kushushwa wima ili ajue ni maji kiasi gani yamechujwa, kisha akahesabu viumbe mmoja mmoja chini ya hadubini.

Mwaka 1889 Hensen aliongoza safari ya utafiti katika Atlantiki kwa meli iliyoitwa National. Alitangaza kwamba planktoni zimeenea katika bahari kuu kwa usawa mkubwa, hivyo sampuli chache zinatosha kukadiria eneo pana.

Haeckel alipinga vikali. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1890 alisema kwamba miaka yake thelathini ya kuvuta nyavu ilimfundisha kinyume. Planktoni hukaa kwa makundi. Leo bahari imejaa mayavuyavu, kesho hakuna hata mmoja. Mikondo, upepo, majira na hata saa ya siku hubadilisha kila kitu. Kwa maoni yake kuhesabu vichwa bila kutambua aina hakukuwa na faida. Katika kitabu hichohicho alianzisha neno benthosi kwa viumbe wanaoishi kwenye sakafu ya bahari, na nektoni kwa wale wanaoogelea kwa nguvu zao. Alitofautisha pia viumbe wanaoelea maisha yao yote na wale wanaoelea wakati wa utoto tu. Hensen alijibu kwa ukali uleule.

Wakati uliamua kwamba kila mmoja alikuwa na upande wake wa ukweli. Planktoni kweli huenea kwa mabaka na makundi, kama alivyosema Haeckel. Lakini njia ya kuhesabu na kupima kiasi, aliyoianzisha Hensen, ndiyo iliyokuwa msingi wa utafiti wa bahari na uvuvi katika karne ya 20. Mtafiti wa leo hufanya yote mawili: hutambua spishi, kisha huhesabu.

Michoro na lawama

Kati ya 1899 na 1904 Haeckel alichapisha "Kunstformen der Natur", yaani maumbo ya kisanaa ya maumbile, mkusanyo wa kurasa 100 za michoro. Radiolaria, mayavuyavu na sifonofora wamo kwa wingi. Kitabu hicho kiliathiri wasanii na wajenzi. Mhandisi wa majengo René Binet alitumia umbo la radiolaria kubuni lango kuu la maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900.

Lakini uwezo wake wa kuchora ulimletea pia matatizo. Mwaka 1868, katika kitabu kwa wasomaji wa kawaida, alitaka kuonyesha kwamba viinitete vya wanyama mbalimbali hufanana sana mwanzoni. Alitumia picha ileile mara tatu na kuiandikia kwamba ni ya mbwa, ya kuku na ya kobe. Ludwig Rütimeyer, profesa wa Basel nchini Uswisi, aligundua jambo hilo na kulitangaza. Haeckel aliirekebisha picha katika toleo lililofuata, lakini mwaka 1874 Wilhelm His alimshutumu tena kwa michoro mingine ya viinitete. Mashtaka yalirudi mwaka 1908, na Haeckel alikiri kwamba baadhi ya michoro aliijaza kwa kukisia pale ambapo hakuwa na kielelezo, akidai kwamba wengine hufanya vivyo hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 kwa kutumia picha za viinitete halisi ulionyesha kwamba tofauti zao ni kubwa kuliko alivyochora.

Wazo lililokuwa nyuma ya michoro hiyo, kwamba kila kiumbe katika ukuaji wake hupitia upya hatua za mababu wa spishi yake, halikubaliki tena kwa namna alivyolieleza. Mageuko yenyewe, hata hivyo, hayategemei michoro hiyo na yamethibitishwa kwa ushahidi mwingine mwingi.

Mawazo juu ya binadamu

Haeckel hakuishia kupanga viumbe wa bahari. Aligawa pia binadamu katika kile alichokiita spishi mbalimbali, akazipanga kwa ngazi kutoka juu hadi chini. Juu kabisa aliwaweka Wazungu, na watu wa Afrika aliwaweka chini. Hakuwa na ushahidi wa kisayansi kwa mpango huo. Aliunga mkono pia fikra kwamba jamii inapaswa kudhibiti nani azae na nani asizae, na mwaka 1905 alipewa uanachama wa heshima katika chama cha Wajerumani kilichoeneza fikra hizo. Mawazo ya namna hiyo yalitumiwa baadaye na watu waliotenda maovu makubwa.

Leo sayansi inajua kwamba binadamu wote ni spishi moja. Mwaka 2019, miaka mia moja baada ya kifo chake, wanazoolojia waliokutana Jena walitoa tamko kwamba mgawanyo wa binadamu katika mbari ni zao la ubaguzi na si chanzo chake, na walitaja wazi mchango wa Haeckel katika kosa hilo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1899 alichapisha "Die Welträthsel", kitabu cha falsafa kwa watu wa kawaida kilichouzwa kwa wingi mno na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Humo alifundisha kwamba maada na roho ni kitu kimoja, akashambulia mafundisho ya makanisa. Mwaka 1906 wafuasi wa falsafa hiyo walianzisha umoja wao huko Jena, na mwaka 1910 yeye alijitoa rasmi katika Kanisa la Kiinjili. Mwaka 1914, vita kuu vilipoanza, alikuwa mmoja wa wasomi 93 waliotia sahihi tangazo la kuitetea Ujerumani, jambo lililovunja urafiki wake na wasomi wengi wa nchi nyingine.

Alianzisha pia huko Jena makumbusho ya mageuko, Phyletisches Museum, ambayo bado yapo. Alifariki tarehe 9 Agosti 1919 katika nyumba yake, ambayo aliiita Villa Medusa kwa heshima ya mayavuyavu. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho.

Spishi zake leo

Swali ambalo wataalamu wa radiolaria wamelishughulikia tangu kifo chake ni hili: kati ya maelfu ya spishi alizozitaja, ngapi ni za kweli? Haeckel alitofautisha spishi kwa umbo tu. Kiunzi chenye miiba sita kilipewa jina moja, chenye miiba minane jina jingine. Hakuwa na njia ya kujua kama viunzi viwili tofauti ni vya spishi mbili, au ni vya mdogo na mkubwa wa spishi ileile. Matope nayo humchanganya mtazamaji, kwa kuwa huhifadhi pamoja viunzi vya viumbe walioishi nyakati mbalimbali.

Mapema karne ya 20 tayari watafiti walianza kuunganisha majina yake. Mmojawapo alikuwa Valentin Haecker, aliyechunguza radiolaria wa safari ya meli ya Ujerumani iitwayo Valdivia. Safari hiyo ya 1898–1899 ilikusanya viumbe wa vilindini katika Atlantiki na Bahari Hindi, na ilipita Dar es Salaam. Leo spishi za radiolaria wenye kiunzi cha silika wanaoishi sasa huhesabiwa kwa mamia, si kwa maelfu. Majina mengi ya Haeckel yamegundulika kuwa majina mawili au matatu ya spishi moja, na mengine hayajapata kiumbe kinacholingana nayo.

Uchunguzi wa DNA umebadilisha pia mpangilio wake. Kundi la Phaeodaria, ambalo alilihesabu kati ya radiolaria, limeonekana kuwa na asili nyingine. Kundi la Acantharia limebaki karibu na radiolaria, ingawa alikosea juu ya kiunzi chao: alidhani kimetengenezwa na dutu hai, kumbe ni chumvi ya madini ya stronti. Chumvi hiyo huyeyuka baharini baada ya kifo, ndiyo maana Acantharia hawaonekani katika matope.

Hata hivyo ripoti yake haijawekwa kando. Kwa kanuni za kutaja wanyama, jina likishachapishwa ipasavyo halifutiki kwa kupuuzwa. Anayedhani amepata spishi mpya ya radiolaria hulazimika kwanza kutazama kama Haeckel hakuitaja mwaka 1887. Slaidi zake kadhaa bado zimehifadhiwa na wataalamu wamezipitia upya ili kulinganisha michoro na viunzi vyenyewe. Wanajiolojia nao hutumia radiolaria kukadiria umri wa miamba iliyowahi kuwa sakafu ya bahari.

Utafiti umeendelea kwa njia ambazo Haeckel hakuwa nazo. Kati ya 2004 na 2010 mradi wa kimataifa wa kuhesabu zooplanktoni ulifanya kazi juu ya wanyama wanaoelea maisha yao yote, ambao spishi zao zilizoelezwa ni takriban 7,000 tu, na DNA ilionyesha kwamba nyingine nyingi hazijatambuliwa. Mwaka 2016 watafiti waliotumia kamera zinazoshushwa majini walionyesha kwamba radiolaria wakubwa na jamaa zao ni wengi baharini kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa miili yao laini huvunjika ndani ya nyavu kabla ya kuhesabiwa.